Picha ya Nywele

Neno lenyewe lilianzishwa na Kiptanui, tena kwa kelele, kama alivyoanzisha mambo yake mengi. Alikuwa mpiga picha katika studio ya Bwana Jivraj, kwenye mtaa wa maduka wa Nakuru, na kazi ilipopungua alisimama mlangoni amevaa tai ya shule aliyokataa kuistaafisha, akawaita wapita njia. Wale wapiga picha wa stesheni, wenye visanduku vyao na pazia chakavu, hakuwapa hata siku moja ya kupumua.

"Mzee, hiyo uliyopigwa stesheni ni picha ya ugali," alikuwa akisema. "Tunaona tu kwamba kuna kitu kwenye sahani. Ingia upigwe picha ya nywele."

Picha ya nywele ilikuwa ile ambayo ukiipeleka dirishani unaweza kuhesabu nywele za kichwa na nyuzi za koti. Kama bwana harusi hakukata kucha, kucha zilibaki humo zikingoja wajukuu. Siri yake ilikuwa kamera kubwa ya Jivraj, iliyotumia vioo badala ya filamu, na mkono wa Jivraj mwenyewe katika chumba cha giza. Kiptanui aliongeza mdomo tu.

Mdomo ulitosha. Neno likapanda lori, likafika Rongai, likapanda hadi Kabazi. Mwalimu alimrudishia mtoto hesabu akamwambia hii ni ya ugali, alete ya nywele, hatua zote zionekane. Mwanamke aliyeulizwa habari za ugomvi wa jirani alijibu kwamba anazo, tena za nywele, aketi tu amsimulie.

Lakini wateja ni watu wa ajabu. Kila mmoja alitaka nywele zihesabike, saa ya mkononi isomeke, viatu ving'ae hata kama ni vya kuazima. Kisha alinong'ona, huku amegeuza uso, je, hili kovu haliwezi kuondoka? Hii ndui? Hii mikunjo? Yaliweza. Jivraj alikuwa na kisu kidogo, chembamba kama jani la nyasi, na penseli alizochonga mwenyewe. Aliinamia kioo, akakwangua hapa, akajaza pale, na mtu aliyeingia na miaka sitini akatoka na arobaini. Hakuruhusu kioo chochote kitoe picha ya kudumu kabla ya kusafishwa. Alisema uso mchafu hautoki dukani kwake, na kwa jambo hilo hakutaniwa, hata na Kiptanui.

Jumapili waliyofungua kanisa dogo la wafanyakazi wa mashamba kule Rongai, Kiptanui alikwenda kupiga picha ya kwaya. Kwaya ilipangwa mbele ya ukuta mpya ambao bado ulinuka chokaa, waliokaa mbele wakashika ubao wa darasani ulioandikwa tarehe kwa chaki, na Kiptanui akaingia chini ya kitambaa chake cheusi akiwatukana taratibu. Sauti ya tatu, alisema, mnasimama kama ng'ombe wanaosubiri josho. Mtu mmoja mrefu nyuma kabisa alikuwa amejibanza kwenye bega la mwenzake, nusu ya uso haionekani.

"Wewe mrefu, unamficha nani huko? Sogea tukuone. Hata kama una sura ya deni, leo utalipa."

Watu walicheka. Yule mrefu akasogea.

Aliitwa Hiram. Alikuwa mwangalizi wa mashine ya krimu katika shamba la mzungu mmoja karibu na hapo, na sauti yake ya chini ndiyo iliyozishikilia zile nyingine. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa katikati na kovu pana, lililopauka, alilopewa na pembe ya fahali siku ya kuogesha mifugo. Kwa ajili ya kovu hilo hakuwahi kukaa mbele ya kamera. Hata mezani alimpa mgeni upande wa kulia.

Mkewe Wariara alifika studio katikati ya juma, akitumwa na kanisa kuchagua picha. Kiptanui alimwonyesha karatasi ya kujaribia. Hiyo ilikuwa picha iliyochapwa upesi kwa mwanga wa jua, ya rangi ya udongo mwekundu, isiyopitishwa katika dawa ya kuikaza. Wateja waliitazama kisha wakairudisha, maana ikikaa kwenye mwanga huzidi kuwa nyeusi mpaka imalize watu wote. Uso wa Hiram humo ulikuwa mdogo kama punje ya hindi, lakini chini ya lenzi alikuwapo mzima mzima, na kovu lake.

Wariara alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama kichwa hicho kimoja kinaweza kutolewa pale kikuzwe, awe naye peke yake kwenye fremu. Kinaweza. Na kovu je?

"Nilimkuta nalo," alisema. "Nataka kumwona siku moja bila hilo. Hata yeye ajione. Lakini msimwambie, nitampa Krismasi."

Jivraj alifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi ya kuonyesha ufundi. Kwenye kioo kile kovu lilikuwa doa dogo kuliko mdomo wa siafu. Alilikwangua lote, kisha akachora nyusi upya, unywele kwa unywele, akishusha pumzi kila baada ya mkwaruzo. Baada ya hapo tu ndipo walipochapisha picha ya kanisa na ile ya Wariara. Ile karatasi ya kujaribia Kiptanui alimpa mama huyo aende nayo, kwa kuwa alikuwa ameshaipenda.

"Lakini uifiche, mama Wawira. Hii ni kama mwizi, haipatani na mwanga."

Wawira alikuwa binti yao, bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Wariara alicheka, akaikunja karatasi ndani ya leso. Alidhani ni utani. Na kwa nini asidhani, wakati kila kitu kilichotoka kinywani mwa kijana yule kilikuwa utani?

Hii ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ambayo serikali ya mkoloni iliitangaza dhidi ya waasi wa Kikuyu waliokuwa msituni, na Hiram alikuwa Mkikuyu. Kabla ya Krismasi kufika, askari waliingia shambani alfajiri, wakawapanga wanaume kwenye ua wa trekta, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapita mbele yao. Kwa wengi alipita tu. Kwa Hiram alisimama, gunia likainama kuitikia.

Shtaka lilikuwa kwamba aliwalisha watu kiapo cha waasi msituni, juu ya Kabazi, Jumapili fulani mchana. Adhabu yake ilikuwa kamba, na watu wote walilijua hilo bila kusomewa. Na Jumapili yenyewe ndiyo ile ya kufungua kanisa.

Kwa hiyo lingekuwa jambo jepesi. Lakini afisa wa mahojiano alikuwa ameshakataa maneno ya Wakikuyu wote kwa pamoja, na padri aliyefungua kanisa alikuwa amekwenda kwao ng'ambo likizo. Chepkosgei, mwimbaji wa mstari wa mbele, hakuwa Mkikuyu, na alikwenda kwa miguu yake kumtetea Hiram. Afisa alimuuliza kama alimwona kwa macho yake wakati wa picha. Chepkosgei alikuwa mtu wa kweli kupita faida. Alisema wakati wa picha kila mtu alitazama kamera, na aliyekuwa nyuma yake hakumwona, ila sauti yake aliisikia wakati wa kuimba. Afisa akasema sauti haiandikwi. Alitaka kitu cha kushika mkononi, na alikitaka kabla ya lori la Ijumaa kumpeleka Hiram mahakamani.

Dereva wa lori la krimu alimficha Wariara nyuma ya makopo, maana hakuwa na pasi ya kusafiri, akamshusha Nakuru. Aliingia studio na harufu ya maziwa yaliyochacha, akaeleza yote akiwa amesimama. Alipomaliza, Kiptanui alipiga kofi mezani akacheka kwa sauti.

"Mama Wawira, mume wako amepona. Sisi tuna picha ya nywele. Wacha hao watu wa magunia."

Alikitoa kioo kwenye sanduku, akakiegemeza dirishani, akampa lenzi. Ubao wa tarehe ulisomeka hadi alama ya kidole kwenye chaki. Vifungo vya Nicodemus, mwalimu wa kwaya, vilihesabika, na kimoja hakikuwa cha koti lile. Nyasi za miguuni zilisimama moja moja. Mstari wa nyuma, koti la Hiram lilikuwa na kiraka begani, na Wariara aliweza kuona mahali uzi ulipomwishia akaunga mwingine. Kisha lenzi ikapanda usoni.

Nyusi ilikuwa nzima, nzuri, ya mtu ambaye hakuwahi kukutana na fahali. Katika kambi ya mahojiano alikuwa amekaa mwanamume ambaye jambo la kwanza mtu aliloliona kwake lilikuwa kovu.

Jivraj alitoka chumba cha giza akifuta mikono. Alitazama kioo, akamtazama Wariara, akaelewa. Kilichokwanguliwa kwenye kioo hakirudi. Si kama kupaka rangi, kwamba utaosha ukute cha chini. Cha chini ndicho kilichoondoka.

"Karatasi," Kiptanui alisema ghafla. "Ile ya kujaribia niliyokupa. Ile ina kovu. Iko wapi?"

Uso wa Wariara ulifunguka. Alikuwa nayo. Aliitoa kifuani ndani ya leso ileile, akaikunjua juu ya kaunta kwa uangalifu wa mtu anayefungua mbegu.

Ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Ukiinamisha upande uliweza kuona kivuli cha ubao, na vichwa kama mawe katika maji machafu. Alikuwa ameibandika ukutani karibu na dirisha, majirani wakawa wanakuja kumwona Hiram kwenye picha ya nywele, na wengine waliitoa nje kabisa ili waone vizuri. Ilipoanza kuingia weusi alifikiri ni moshi wa jiko.

"Nimeleta muioshe," alisema. "Mimi nimejaribu na kitambaa kibichi, lakini sikutumia sabuni. Niliogopa."

Kiptanui alimgeukia Jivraj. Jivraj ndiye aliyemweleza kwamba haukuwa moshi. Alieleza polepole, na Wariara aliendelea kuisugua pembe moja ya karatasi kwa kidole gumba mpaka alipomaliza.

Hapo Kiptanui akasema walichore hilo kovu. Kama kisu kiliweza kuliondoa, penseli iweze kulirudisha. Alisema haraka haraka, akiwa tayari ameshika penseli. Jivraj aliichukua mkononi mwake, akamwekea lenzi juu ya picha nyingine, ya bibi mmoja aliyefutwa mikunjo.

"Tazama hapa. Kazi yangu mwenyewe, na mimi ndiye fundi. Unaona inavyoteleza, kama njia ya konokono? Ingekuwa picha ya wale wa stesheni ningekuchorea hata pembe. Hii inaonyesha kila kitu. Itatuonyesha na sisi."

Basi wakakubaliana kusema ukweli, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Jivraj alivaa kofia, akafunga duka mchana, jambo ambalo majirani walilizungumzia, akampakia Wariara na Kiptanui kwenye gari lake dogo pamoja na kioo kilichofungwa kwa blanketi, na picha zote mbili, ile ya kanisa na ile ya fremu.

Kambi ilikuwa ghala la mahindi lililozungushiwa seng'enge. Afisa alikuwa kijana mzungu, mwenye mikono safi, na kabla ya Imajensi kazi yake ilikuwa kusoma picha za mashamba zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Alikuwa na lenzi yake mwenyewe, yenye miguu mitatu. Aliisimamisha juu ya picha ya kwaya, akainama, na kwa muda akasahau kama kulikuwa na mtu wa kunyongwa. Aliisifu. Alisema hajaona picha safi kama hii katika nchi hii. Kiptanui, kwa mazoea tu, akainua kifua.

Hiram aliletwa. Midomo yake ilikuwa imevimba na mguu mmoja alikuwa akiuburuta, lakini alipomwona mkewe alijaribu kusimama sawa. Afisa aliishika picha ya fremu kando ya uso wake, akatazama huku, akatazama kule.

Wariara alisema kwa haraka kwamba huyo wa nyuma ni yeye, koti ni lake, kiraka cha begani amekishona yeye kwa mkono wake, wakitaka atalileta koti lenyewe.

"Koti mimi naona," afisa alijibu kwa Kiswahili chake cha shambani. "Koti hapana kula kiapo. Mimi nataka mutu."

Jivraj alivua kofia. Alisema mtu ndiye huyo, na kovu lilikuwapo, na aliyelikwangua ni yeye kwa kisu chake, kwa kuombwa na mke wa mtu huyo, kwa sababu za mapambo. Alisema ni desturi ya kazi na studio zote hufanya. Alisema wamuulize yeyote.

Afisa alirudi kwenye lenzi. Alikaa muda mrefu zaidi juu ya ule uso wa punje ya hindi kuliko alivyokaa juu ya kitu kingine chochote.

"Kweli," alisema. "Kisu imepita hapa. Sasa wewe nasema wewe nageuza sura ya mutu kwa picha?"

"Kovu tu, bwana."

"Kama weza geuza sura, weza geuza tarehe ya ubao. Weza tia mutu, weza toa mutu." Aliikunja miguu mitatu ya lenzi, mmoja mmoja. "Picha ni mzuri sana. Nyasi naamini. Mutu hapana."

Kiptanui akapiga hatua mbele. Alisema yeye ndiye aliyemwita mtu huyu asogee siku ile, alimwona kwa macho yake, na hata nywele zinaonekana, bwana, hesabu nywele, na sauti yake ilikuwa ileile ya mlangoni pa studio, ila imevunjika. Afisa alimjibu bila ukali kwamba neno la mwenye picha halitoshi, na nywele amezihesabu. Nyusi ya huyu wa kwenye picha ni moja. Ya huyu aliyesimama ni vipande viwili.

Askari alimshika Hiram mkono. Hiram aliomba aione picha, na afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya kwa mambo madogo, akamgeuzia fremu. Hiram hakuwa ameiona hata mara moja. Ilikuwa bado ya Krismasi.

Aliitazama, akainua mkono akagusa nyusi yake mwenyewe, pale ilipokatika.

"Kumbe ningekuwa hivi," akasema.

Alimtazama Wariara kana kwamba alitaka kumshukuru, na wakamwondoa.

Mahakama haikuchukua muda. Mtu wa gunia alikuja bila gunia, akarudia maneno yake, na picha ya kwaya ililetwa na upande wa mashtaka, kuonyesha jinsi watu hawa wanavyojua kutengeneza ushahidi. Hiram alinyongwa kabla ya mvua. Mwili haukurudishwa, kwa hiyo hapakuwa na kaburi la kupeleka mtu. Kwaya ya Rongai iliendelea kuimba bila sauti ya chini, kisha Wakikuyu wake wakapakiwa kwenye garimoshi wapelekwe Rizavu, eneo lililotengewa kabila lao, na hao waliobaki hawakutosha.

Wariara alikuwa katika kundi la kuondoka. Siku ya safari, watu wakiwa wamekalishwa chini kandokando ya reli pale Nakuru na mizigo yao, alimwomba askari wa zamu ruhusa ya kwenda haja, akavuka barabara, akaingia studio na mtoto mgongoni. Alikuwa na ile fremu. Kiptanui alikuwa peke yake. Jivraj bado alifungua duka kila asubuhi, lakini alikuwa ameacha kushika kisu, na wateja walioomba kusafishwa uso aliwaambia waende kwingine.

Aliiweka fremu mezani.

"Mrudishie kovu lake," alisema.

Kiptanui alimwambia kwamba itakuwa rangi tu. Halitakuwa lenyewe. Mtu akitazama karibu ataona brashi.

"Wawira anamwonyesha kidole anauliza huyu ni nani. Nikimwambia ni baba, anakataa. Ananionyesha hapa." Wariara alijigusa juu ya jicho la kushoto. "Alikuwa anapenda kulishika wakati wa kulala."

Nje, mtu fulani alisimama mlangoni akauliza kwa furaha kama hapa ndipo panapopigwa picha ya nywele. Kiptanui hakuinua kichwa. Alitoa picha kwenye fremu, akachukua brashi ndogo kuliko zote, akachanganya rangi nyeupe na kijivu kidogo kwenye kisahani. Mkono wake ulisimama juu ya karatasi. Alikuwa amelitazama kovu lile usoni mwa Hiram mara mbili tu, mara ya kwanza likiwa limepinduliwa juu chini na kamera, ndani ya kitambaa cheusi, na mara ya pili kambini, ambako hakuweza kulitazama sana.

"Lilianzia wapi?"

"Juu zaidi. Hapo. Sasa lilete chini, lakini si moja kwa moja, lilikuwa na kona."

Alilileta chini. Kutoka stesheni filimbi ikalia, na mtoto mgongoni akainua kichwa.

"Pana zaidi," Wariara alisema. "Usilifanye zuri."